MASHINE HAIKUJUA KUWA NI MASIKA

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tumewaachia waume zetu na mafundi, yaani ile redio yenye kioo iliyomo ndani ya gari. Najua wengine mtacheka na kuuliza, "Sisi na redio ya gari wapi na wapi?" Mimi nami niliuliza hivyo, mpaka usiku mmoja wa mwezi Januari uliponifundisha.

Gari letu tulilinunua likiwa limetumika Japani, kama magari mengi hapa kwetu. Lilipofika Usoke, redio yake iliongea Kijapani asubuhi na jioni. Ramani iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya Japani tupu. Hata stesheni zetu nyingi za redio hazikushika, kwa sababu FM ya Japani huanzia 76 na kuishia 90, au 95 katika magari ya karibuni, na ya kwetu hupanda hadi 108. Baba watoto akaamua kuitoa na kuweka nyingine kubwa, inayotumia Android kama simu. Fedha aliyotumia ilikuwa ile tuliyoiweka kwa ajili ya bati za jiko. Sikusema neno, lakini mvua ilipovuja juu ya sufuria nilimkumbuka.

USIKU ULE

Mwanzoni alifurahi sana. Fundi alikuwa ameweka programu ya ramani, na kila tulipokwenda Tabora mashine ilituelekeza barabara ambayo tunaijua hata tukifumba macho. Halafu ikaja simu saa nne ya usiku. Binti wa wifi yangu, aliyeolewa huko ndani kwenye mashamba ya tumbaku, alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na damu ilikuwa imeanza kutoka.

Tuliondoka mara moja, mimi na baba watoto. Baada ya kuiacha barabara kubwa tukafika njia panda. Mashine ikasema kushoto. Nikamwambia, "Baba, tupite kulia, ile ya kwenye mabani. Ndiyo tuliyopita siku ya harusi." Akanijibu kwa upole, "Mama watoto, hii inaona toka juu. Kushoto ni karibu zaidi."

Tukapita kushoto. Kwenye kioo palikuwa na mstari mzuri ulionyooka. Mbele ya taa za gari palikuwa na mbuga iliyojaa maji. Tulirudi nyuma kinyumenyume, gurudumu likazama, tukakata matawi na kuyatandika, na tulipofika tena njia panda karibu saa nzima ilikuwa imepotea. Tukapita kulia, tukamchukua yule binti, tukampeleka kituo cha afya. Mama na mtoto wako hai hadi leo. Lakini mkunga alipomaliza kazi yake alinitazama na kusema, "Mama, msingeweza kuchelewa zaidi ya hapa." Maneno hayo sijayasahau.

Nyumbani palikuwa kimya siku mbili. Siku ya tatu baba watoto aliweka kikombe cha chai chini akasema, "Nilikosa. Ningekusikiliza wewe." Nami nikaungama langu, kwamba kwa hasira ya zile bati sikuwahi kuikaribia mashine ile wala kuuliza inafanyaje kazi. Kumbe kosa lilikuwa letu sote wawili.

TULICHOJIFUNZA

Tuliketi pamoja na kijana wetu mkubwa, tukaichunguza. Kwanza, setilaiti hazionyeshi njia. Kazi yake ni kuiambia mashine mahali ulipo tu, na mashine huhitaji kusikia setilaiti nne au zaidi ili ipate mahali hapo sawasawa. Haihitaji vocha wala mtandao wa simu. Njia zenyewe hutoka kwenye ramani, na ramani imechorwa na watu. Yule aliyechora mstari wetu hakusema uongo. Aliona picha iliyopigwa toka juu wakati wa kiangazi, na kweli mwezi wa nane pale hupita magari na baiskeli. Mwezi wa kwanza hupita samaki.

Wala si jambo geni katika nchi hii ya Unyamwezi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipotaka kutoka Tabora kwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone, njia iliyozoeleka ya misafara ilikuwa imefungwa kwa vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora. Ilimbidi azunguke mbali upande wa kusini ndipo akafika, mwishoni mwa mwaka huo. Karatasi yake isingeweza kumwambia kwamba njia imefungwa. Habari hizo zilikuwa kwa watu wa njiani. Leo pia ni hivyo.

JINSI YA KUWEKA PROGRAMU

Mama, huna haja ya kuwa fundi. Fuata haya polepole, gari likiwa limesimama.

1. Tambua una redio ya namna gani. Ikiwa ni ile ya Japani iliyokuja na gari, usidanganyike kirahisi. Nyingi zilitengenezwa kwa ramani ya Japani peke yake, na nyingine hujifunga betri ikitolewa au kadi yake ikichomolewa. Mtu akikuambia ataitia ramani ya Tanzania, mwambie aionyeshe kwanza, gari likitembea, ndipo umlipe.

2. Ikiwa ni ya Android, fungua mipangilio utazame nafasi iliyobaki. Kisha weka programu inayotunza ramani ndani yake bila mtandao. Sisi tuliweka mbili, OsmAnd na Organic Maps. Zote mbili hutumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuisahihisha.

3. Washa intaneti kwenye simu yako, uigawie redio, halafu pakua ramani ya Tanzania mara moja. Ukimaliza, zima intaneti na ujaribu kutafuta mahali. Ikifungua bila mtandao, umefaulu.

4. Katika mipangilio ya redio kuna mahali pa kuchagua programu ya njia. Chagua ile uliyoweka, ili kitufe cha ramani kiifungue hiyo na si ile ya zamani.

5. Redio za zamani kidogo zinazotumia Windows CE hufanya tofauti. Programu na ramani hukaa kwenye kadi ya SD, na katika mipangilio unaionyesha redio faili la kufungua. Kadi hiyo usiichomoe kuwawekea watoto nyimbo.

6. Antena ndogo ya setilaiti iwekwe juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, isifunikwe na chuma. Fundi wetu aliificha ndani kabisa, ndiyo maana mshale ulikuwa ukirukaruka.

7. Fundi akikuwekea redio mpya, mwombe atumie soketi inayolingana badala ya kukata nyaya za gari. Kwa kawaida waya wa manjano wa redio huenda kwenye umeme wa wakati wote, na mwekundu kwenye umeme wa ufunguo. Vyote viwili vikiunganishwa kwenye umeme wa wakati wote, asubuhi utakuta betri imekufa. Vikibadilishana, redio itasahau kila kitu uzimapo gari.

RAMANI YETU WENYEWE

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo sikutegemea kulifanya katika umri huu. Siku za Jumamosi tulipita njia zote tulizozijua huku OsmAnd ikirekodi mwendo wetu. Mimi ndiye niliyetaja majina: kisima, zahanati, shule, mwembe mkubwa, daraja la magogo, njia ya mabani. Mama mkwe wangu, aliyekaa kiti cha nyuma, alitusahihisha mara tatu. Kijana wetu alipeleka njia hizo kwenye OpenStreetMap kwa kompyuta, na ule mstari wa mbugani akauandika kuwa ni njia ya kiangazi. Baadaye tulipakua ramani upya, maana isipopakuliwa upya hubaki na makosa yale yale.

Hatukuwa wa kwanza. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakiviweka vijiji vya Tanzania kwenye ramani. Walianza ili wasichana wanaokimbia kukeketwa mkoani Mara waweze kufikiwa na kusaidiwa. Msaidizi asiyejua kijiji kilipo hawezi kufika usiku. Hilo mimi nalielewa vizuri sasa.

Jambo jingine: kuna huduma ya m-mama ya kuwasafirisha akina mama wajawazito na watoto wachanga wapatapo dharura. Namba yake ni 115, na kupiga ni bure. Usiku ule sikuwa nimeikariri. Leo nimeiandika kwa kalamu nzito, nikaibandika ukutani jikoni na ndani ya gari. Nawe fanya hivyo kabla hujalala leo.

Dada yangu msomaji, usiseme vyombo hivi ni vya wanaume. Njia za kisimani, za zahanati na za msibani unazijua wewe. Kaa na mume wako, mfundishane. Na akishika usukani, wewe shika kioo, maana dereva asiandike akiendesha. Mashine ikisema kushoto nawe moyoni unajua ni kulia, sema. Ukiona hasikii, sema tena. Nasi wake, tunapokosea tukubali vivyo hivyo.

Kuhusu zile bati, tulizinunua baada ya kuuza tumbaku. Baba watoto alizipigilia mwenyewe. Yule mtoto wa usiku ule sasa anatambaa, na akija kwetu hupenda kukaa chini jikoni, pakavu.

Hadi mwezi ujao, nawatakia safari njema.