Nishani Iliyochelewa Miaka 80

 

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya karatasi. Msishangae. Katika nyumba zetu nyingi liko sanduku la bati chini ya kitanda, au mkoba wa zamani juu ya kabati, na ndani yake zimo karatasi za baba: cheti cha ubatizo, barua ya kuajiriwa, hati ya kustaafu, na picha moja ya ujanani iliyoanza kufifia. Siku za kawaida hakuna anayezigusa. Lakini siku inakuja ambapo baba hayupo tena, na mama anasimama mbele ya meza ya ofisi akiulizwa, "Ushahidi uko wapi?" Hapo ndipo sanduku linapofunguliwa, na mara nyingine panya wamekwisha kutangulia.

Tumesoma habari za mama mmoja wa Marekani aliyekutana na swali hilo hilo. Tumeona tuwasimulie, maana ingawa kwake ni mbali, shida yake twaijua.

Mume wake aliitwa Waverly Woodson, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa mji wa Philadelphia. Alikuwa chuoni akijiandaa kusomea udaktari wakati Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, akaacha masomo na kujiunga na jeshi mwaka 1942. Siku zile jeshi la Marekani liliwatenga askari kwa rangi zao. Woodson alifaulu mtihani wa kwenda kusomea uafisa, lakini nafasi haikupatikana kwa sababu alikuwa mweusi. Basi akafundishwa utabibu wa vitani, akapelekwa katika Kikosi cha 320. Hiki kilikuwa kikosi cha askari weusi waliorusha maputo makubwa yaliyofungwa kwa nyaya, ili ndege za adui zisiweze kushuka chini na kuwashambulia watu.

Tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Marekani, Uingereza, Kanada na wenzao yalivuka bahari na kushuka katika pwani ya Normandy, nchini Ufaransa. Chombo alichopanda Woodson kilipigwa kabla hakijafika nchi kavu, naye akajeruhiwa kwa vipande vya chuma. Alipofika ufukoni hakukaa kungoja kubebwa. Alitafuta mahali penye kinga kidogo, akafungua mkoba wake wa dawa, akaanza kazi. Kwa muda wa saa 30 alitoa risasi miilini mwa watu, akaunga mifupa iliyovunjika, na hata akamkata mtu mguu uliokuwa umeharibika. Watu wanne waliotolewa majini wakiwa karibu kufa aliwarudishia pumzi. Inakadiriwa kuwa majeruhi waliopita mikononi mwake walifikia 200, weupe kwa weusi. Mwishowe alianguka yeye mwenyewe kwa majeraha na uchovu.

Mkuu wake alipendekeza apewe Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, nishani ya pili kwa ukubwa katika jeshi la nchi kavu la Marekani. Wakubwa wa juu zaidi wakaona hiyo nayo haitoshi, bali astahili Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Alichopata ni Nyota ya Shaba, iliyo chini ya hizo mbili, pamoja na nishani ya waliojeruhiwa. Wala hakuwa peke yake. Wamarekani weusi zaidi ya milioni moja walitumika katika vita ile, na katika miaka yote ya vita hakuna hata mmoja wao aliyevishwa Nishani ya Heshima.

Woodson alirudi nyumbani, akaoa mwaka 1952, akalea watoto watatu na mkewe, akafanya kazi katika taasisi ya serikali ya utafiti wa afya. Maisha yakaendelea. Lakini tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika jengo la kutunzia kumbukumbu za wanajeshi katika mji wa St. Louis. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea. Kwa upande wa jeshi la nchi kavu, katika kila majalada 10 ya walioachishwa jeshi kati ya mwaka 1912 na 1960, yapata manane yalipotea. Nakala hazikuwapo. Jalada la Woodson lilikuwa miongoni mwa yaliyoungua.

Katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani ilikubali kuchunguza kwa nini askari weusi walinyimwa nishani ile kubwa. Tarehe 13 Januari 1997 Rais Clinton alitoa Nishani ya Heshima kwa askari weusi saba wa vita ile. Sita walikuwa wamekwisha kufa. Aliyekuwa hai ni Vernon Baker peke yake. Woodson naye alifikiriwa, lakini karatasi za kuthibitisha hazikuonekana. Alifariki mwaka 2005, jina lake halijasahihishwa.

Je, mjane wake angefanya nini? Marekani wana utaratibu wao, nao unafaa kueleweka. Kwa sheria ya mwaka 1946 ziliundwa bodi za raia za kusahihisha kumbukumbu za wanajeshi. Askari mstaafu anayeona kuwa nishani aliyopewa haikuandikwa katika hati yake hujaza fomu, hueleza kosa liko wapi, na huambatisha ushahidi. Kama amefariki, mjane wake au mrithi wake anaweza kuomba. Ombi hutakiwa kupelekwa ndani ya miaka mitatu tangu kosa kugunduliwa, ingawa bodi inaweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki. Na mzigo wa kuthibitisha hubebwa na mwombaji.

Lakini kama nishani yenyewe haikupata kuidhinishwa na muda umepita, kuna njia nyingine: pendekezo hupitishwa kwa mbunge au seneta, ili jeshi litakiwe kulitazama upya. Hiyo ndiyo njia aliyoishika Mama Woodson. Kuanzia mwaka 2015 familia yake ilisaidiana na seneta wa jimbo lao la Maryland. Mwandishi mmoja aliyeandika kitabu juu ya kikosi kile alikuwa amefukua magazeti ya mwaka 1944 na karatasi zilizosahaulika. Kati yake ilikuwapo barua fupi ya ofisa wa serikali, iliyotunzwa katika maktaba ya Rais Truman, ikionyesha kuwa Woodson alipendekezwa kwa nishani kubwa kiasi cha kustahili kukabidhiwa na Rais mwenyewe. Jalada liliungua St. Louis, lakini ukweli ulikuwa umeacha nyayo mahali pengine.

Mwezi Juni 2024, siku chache kabla ya kutimia miaka 80 tangu siku ile ya Normandy, ilitangazwa kwamba Waverly Woodson ametunukiwa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka. Mjane wake alikuwa na umri wa miaka 95.

Wako watakaouliza: bibi wa miaka 95 anahangaika na kipande cha chuma cha nini? Mungu si anajua? Hatuwafichi, sisi wenyewe tulianza na swali hilo. Tumefundishwa kutotafuta utukufu wa wanadamu, na mafundisho hayo ni ya kweli. Lakini hebu tufungue kitabu cha Esta, sura ya 6. Mfalme Ahasuero alikosa usingizi, akaagiza asomewe kitabu cha kumbukumbu. Humo ikaonekana kuwa Mordekai aliwahi kuokoa maisha ya mfalme. Mfalme akauliza ni heshima gani aliyofanyiwa, akaambiwa hakuna. Mordekai mwenyewe hakuwa amedai kitu. Alikaa langoni akifanya kazi yake. Lakini mfalme aliposikia, hakusema kwamba Mungu anajua na yatosha. Alilirekebisha jambo lile siku ile ile.

Basi tumejifunza kutenganisha mambo mawili. Mtu kujinyenyekeza ni jambo moja. Sisi kunyamaza wakati haki ya mwenzetu imefukiwa ni jambo jingine, wala tusiliite unyenyekevu. Mama Woodson hakutafuta pambo la kuvaa kifuani. Alikwisha kusema kwamba mumewe akipewa nishani ile kubwa kuliko zote, ataipeleka katika makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi. Alichotaka ni kwamba kitabu kiseme kweli, ili watoto wa wengine wasikue wakidhani kuwa watu wa rangi yao hawakuwapo siku ile. Bwana Yesu mwenyewe alitoa mfano wa mjane aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu, mara kwa mara, hadi akapatiwa haki yake (Luka 18:1-8).

Tusidhani pia kuwa mambo haya ni ya Wamarekani tu. Babu zetu wa Keya walipigana katika vita ile ile. Mwezi Novemba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alipokuwa Nairobi, aliwakabidhi wazee wanne wa Kenya nishani mpya badala ya zile walizopewa baada ya vita. Za kwanza walikuwa wamezitupa wenyewe katika miaka ya Mau Mau, wakiogopa kuonekana vibaraka wa wakoloni. Fikirini, mtu anaitupa heshima yake ili aokoe maisha yake, kisha anakaa na siri hiyo miaka 70.

Sasa dada zetu, haya yanatuhusu nini sisi tulio jikoni na mashambani? Tuna mambo matatu ya kuwaachia.

La kwanza, lifungueni sanduku kabla ya msiba. Kaeni na waume zenu, mwone kama majina katika vyeti yanafanana. Kama cheti kimoja kinasema Yohana na kingine John, au herufi imerukwa, shughulikieni sasa wakati mwenye jina yuko hai na anaweza kuapa mwenyewe. Toeni nakala, na nakala hizo msiziweke pamoja na hati zenyewe. Kilichoiponza St. Louis ni kuweka kila kitu chini ya paa moja.

La pili, waulizeni wazee. Baba mkwe aliyekuwa askari, mwalimu au mfanyakazi wa reli, mwulizeni alifanya kazi wapi, chini ya nani, mwaka gani, na nani aliyekuwa naye. Andikeni katika daftari pamoja na tarehe. Shahidi aliye hai leo, mwaka ujao huenda tukamzika. Wengi wa wanaume hawa hawasemi wasipoulizwa, na sisi mara nyingi hatuulizi, tukidhani kuwa kimya chao maana yake hakuna la kusema.

La tatu ndilo lililotuchoma sana. Tumejiuliza, sisi wenyewe tunatunza kumbukumbu gani za watu wa nyumbani mwetu? Kosa la mume la mwaka juzi tunalikumbuka na siku yake na maneno aliyosema. Lakini usiku ule alipombeba mtoto mgonjwa mgongoni hadi zahanati, au mwaka ule alipouza baiskeli yake ili ada ipatikane, jalada hilo tumeliacha likaungua. Mtume Paulo anatufundisha kuwa upendo hauyahesabu mabaya (1 Wakorintho 13:5). Kuna masahihisho yasiyohitaji fomu wala seneta. Yanahitaji mama aketi jioni na mumewe, au na mama mkwe wake, au na binti aliyedhaniwa mkaidi, amwambie mbele ya watoto: "Siku ile ulitenda jambo kubwa, nasi hatukukushukuru."

Woodson hakuyasikia maneno hayo kutoka kwa jeshi lake. Yalikuja miaka 19 baada ya kuzikwa. Tunafurahi pamoja na mjane wake, lakini tunasikitika pia kwamba nishani iliwekwa mikononi mwa wengine. Wetu bado wako hai. Tusiwacheleweshe.

Mungu wa wajane na wa haki awe pamoja nanyi nyumbani mwenu. Tuombeane, na Bwana akipenda tutakutana tena mwezi ujao.