Nani Kasema Mtumishi Hana Kisa?

Jumamosi moja nilikuwa natoka kuangalia picha ya Kihindi na jamaa yangu mmoja, naye ni mwandishi chipukizi kama mimi. Tulikuwa tumeangalia ile Hum Aapke Hain Koun ya mwaka 1994, ambayo wengi wenu mnaijua kwa nyimbo zake. Njiani nikamwambia kwamba nataka kuandika riwaya, mhusika mkuu awe mtumishi wa ndani. Jamaa akacheka mpaka akasimama. "Mtumishi hana kisa, bwana wee," akasema. "Kazi yake kuleta chai, halafu kisa cha wenyewe kiendelee."

Siku ile sikumjibu. Namjibu leo, tena mbele yenu wasomaji, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Tuanze na picha yenyewe. Mle ndani kuna mtumishi anaitwa Lallu. Anapika, anachekesha, anacheza ngoma na matajiri wake kwenye sherehe, na wanampenda kweli. Sawa. Sasa niambieni: Lallu analipwa rupia ngapi? Ana siku ya kupumzika? Akizeeka atakwenda wapi? Picha inachukua zaidi ya saa tatu, na mimi nilitoka ukumbini sijui. Na lile jambo linalogeuza kisa chote, ile barua inayofika kwa mtu asiyetarajiwa, linafanywa na nani? Na mbwa! Ndiyo, mbwa wa nyumbani kapewa kazi nzito kuliko mpishi.

Mabingwa wa kutetea hali hiyo wana wimbo wao mmoja: "Mtumishi ni mmoja wa familia." Katika picha za zamani mtumishi mzee huitwa Ramu Kaka, na neno kaka kwao ni ami, ndugu wa baba. Hata leo mama mwenye nyumba wa Delhi humwita anayemfulia didi, yaani dada. Maneno matamu hayo! Lakini huyo dada kikombe chake cha chai kimewekwa peke yake, na mwenye nyumba hathubutu kukinywea. Kiti anakiona, lakini anakaa chini sakafuni. Katika maghorofa mengi ya Gurgaon na Mumbai hapandi lifti ya wenyeji, ana lifti yake pamoja na mizigo na mapipa ya taka. Jioni akitoka, mlinzi anampekua mkoba getini. Ni familia gani hiyo inayopekuana getini, jamani?

Nchi hiyo si maskini wa akili. Agosti 2023 India ilitua chombo karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hakuna nchi iliyokuwa imefika. Mwezini wamefika, lakini dada wa kufua hajafika kwenye lifti ya mbele.

Msidhani ni suala la fedha tu. Kuna na tabaka la kuzaliwa. Sisi Waswahili tuna neno dobi, tunalitumia bila kufikiri. Neno hilo limevuka bahari kutoka India, na kule si jina la kazi peke yake, ni jina la tabaka la watu waliozaliwa wafuaji, watoto wa wafuaji. Ndivyo ilivyo mpaka leo katika nyumba nyingi: anayepika lazima awe wa tabaka "safi", na anayesugua choo haruhusiwi kugusa sufuria. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kumwita mtu najisi, lakini katiba haiingii jikoni kwa watu.

Na sheria? Oktoba 2006 serikali ilikataza kuwaajiri watoto chini ya miaka 14 kuwa watumishi wa ndani. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa wafanyakazi wa majumbani, India ikaupigia kura ya ndiyo kule Geneva, kisha haikuuridhia. Januari 2025 ndipo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaitaka serikali iunde kamati kuangalia kama itungwe sheria ya kuwalinda watu hawa. Kamati! Miaka zaidi ya sabini ya uhuru, na kabwela wa jikoni bado anasubiri kamati.

Akichoka kusubiri inakuwaje? Julai 2017, huko Noida, jirani na Delhi, ndugu wa mfanyakazi mmoja wa ndani walidai kwamba amefungiwa usiku kucha katika jumba la maghorofa. Waajiri wakakana, wakasema kaiba. Asubuhi watu wa mabandani wakalivamia jumba, mawe yakarushwa. Polisi wakaja, na waliokamatwa ni watu wa mabandani. Sasa, rafiki yangu, hicho nacho si kisa?

Utaniambia wameshaandika. Kweli. Mulk Raj Anand aliandika Coolie mwaka 1936, kuhusu kijana Munoo anayeanzia utumishi jikoni. Mwaka 2008 Aravind Adiga akapata tuzo ya Booker kwa The White Tiger. Dereva wake, Balram, analala chini ya jumba ambalo tajiri wake anaishi juu, na anawafananisha watumishi na kuku waliojazwa kwenye tenga: wanaona wenzao wanachinjwa, wala hawatoroki. Riwaya kali, naikubali. Ila nina ugomvi nayo. Balram anatoka tengani kwa kumuua tajiri wake na kuiba fedha, kisha anakuwa tajiri mwenyewe. Tenga limebaki palepale, kuku mmoja tu kageuka mchinjaji. Na aliyemwandika amesoma Oxford.

Anayenivutia mimi ni Baby Halder. Huyu hakutungwa, ni mtu. Aliolewa akiwa mtoto wa miaka 12, baadaye akamkimbia mume na watoto wake watatu, akawa mtumishi wa ndani Gurgaon. Mwenye nyumba mmoja, profesa mstaafu, alimwona anapangusa vumbi kwenye vitabu huku akivitazama kwa hamu. Akampa daftari na kalamu. Mama yule akawa anaandika usiku, kazi zikiisha na watoto wamelala. Kitabu chake kilitoka kwa Kihindi mwaka 2002, na kwa Kiingereza mwaka 2006. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake!

Hapo ndipo kiini cha hoja yangu. Baby Halder hakukosa kisa, alikosa daftari. Na ni wangapi wanaopangusa rafu za vitabu leo, ambao mwenye nyumba si profesa mwema? Haki haiwezi kungoja bahati ya kupata tajiri mwenye huruma. Inataka mshahara uliotajwa, saa zilizotajwa, siku ya mapumziko, na sheria yenye meno.

Nasi tunaoshika kalamu tusijitoe. Usiku ule nilirudi kwa mjomba, nikakuta shati langu limepigwa pasi na chakula kimefunikwa. Nikakaa kuandika habari za watumishi wa India. Nikagundua kwamba msichana aliyenifunikia chakula nimekaa naye nyumba moja miezi minane, na jina lake la pili silijui. Aibu ilinishika.

Kesho yake nilimwuliza. Akaniangalia kwa mashaka, kisha akanijibu. Hakuishia kwenye jina. Tulikaa pale uani mpaka taa za jirani zikazimwa, na hakuwa amefika hata nusu.

Halafu wewe unaniambia mtumishi hana kisa!