Mwanao akirudi na mawe mfukoni

Jumamosi ni siku ya kufua. Mama anapekua mifuko ya kaptura ya shule na kukuta mawe matatu: moja jeupe, jingine linaloachana kurasa kurasa kama karatasi, la tatu jeusi linalochafua vidole. Kabla hajayatupa, mwenye mali anatokea mbio: "Mama, hayo ni yangu!"

Mzazi, usiyatupe. Jeupe lile huenda ni kwazi, linaloachana ni ulanga, na jeusi huenda ni grafaiti, madini yanayotumika kutengeneza penseli. Mtoto anayetenganisha mawe kwa rangi, uzito na ugumu ameanza sayansi bila kujua.

Mpe trei ya mayai awe anayapanga, na daftari la kuandika kila jiwe limeokotwa wapi na lini. Mwonyeshe jaribio dogo: kwazi hukwaruza kioo cha chupa, chokaa haliwezi.

Sheria za nyumbani ziwe chache lakini ngumu. Mawe hayalambwi wala kuwekwa mdomoni, kwa kuwa mengine yana risasi au arseniki. Mikono inawe kwa sabuni kabla ya kula. Hakuna kugonga jiwe bila miwani ya kukinga macho. Mashimo ya machimbo, hata yaliyoachwa, si mahali pa kuokotea.

Hapo ndipo penye hofu ya wazazi wanaoishi karibu na migodi. Juni 2020, mchimbaji mdogo wa Mererani, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya Sh7.7 bilioni. Kijana akisikia hivyo, daftari la Kemia linaweza kuonekana njia ndefu mno.

Mweleze na upande wa pili. Vumbi laini la mwamba wenye kwazi likivutwa kwa miaka hutia makovu kwenye mapafu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Kwenye dhahabu kuna zebaki: moshi wake huharibu ubongo, na mtoto aliye tumboni haponi. Ndiyo maana sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini.

Baba anayechimba naye ana la kufanya. Abadilishe nguo na kuoga kabla ya kumpakata mtoto. Kikohozi kikizidi wiki mbili, apime kifua kikuu, na amwambie daktari kazi anayoifanya.

Njia ya madini haipiti shimoni tu. Anayependa mawe anaweza kuwa mjiolojia, mhandisi wa migodi, mpima wa maabara, msimamizi wa afya na usalama au mkata vito. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma hufundisha jiolojia, na Arusha kuna Kituo cha Jemolojia kinachofundisha kukata na kung'arisha vito. Anachohitaji sasa ni Hisabati, Fizikia, Kemia na Jiografia.

Jumamosi ijayo, kabla ya kuloweka kaptura, mwulize kwanza: "Hili umelitoa wapi?" Kisha kaa umsikilize.