Mkono ni wa mtoto, si wetu kuusamehe (Sehemu ya 6)

 Sehemu ya 5 tuliongelea maji ya moto jikoni. Leo ilikuwa zamu ya mafuta ya taa, lakini mkesha wa mwaka mpya umenibadilishia mada. Tuongelee fataki. Siyo yule fataki wa matangazo ya redio anayefukuzia wanafunzi, naongelea hizi zinazolipuka na kurusha cheche. Wengine mnaziita baruti, wengine fashfash.

Usiku ule aliletwa mtoto wa miaka 7. (Nimebadilisha mambo madogo ili familia isijulikane.) Kijana wa nyumba ya pili alimpa fataki ashike, "aone raha". Ikamlipukia kiganjani. Vidole viwili hali mbaya, ngozi ya kiganja imeungua. Tukiwa tunamsafisha nikamuuliza mama yake, mmepita polisi? Akanijibu kwa sauti ya chini: "Dada nesi, wale ni majirani zetu. Tumeshayamaliza. Wametoa elfu hamsini."

Sikusema kitu. Kazi yangu pale ilikuwa mkono. Lakini neno lile nimerudi nalo nyumbani, na leo nalisema: yule mama amesamehe kitu ambacho si chake. Mkono ni wa mtoto.

Najua mtakachonijibu. Jirani ndiye anayekuazima chumvi. Huenda ndiye aliyemkimbiza mtoto kwenye bajaji. Mahakama ni njoo kesho, njoo keshokutwa. Yote kweli, na mimi naishi uswahilini kama nyie. Lakini sikilizeni upande wa wodini.

Kovu la moto halinyooki kama ngozi nzima. Mtoto anakua, mkono unakua, kovu linabaki nyuma na kuvuta vidole vikunje. Mtoto wa miaka 7 anaweza kuhitaji upasuaji leo, na mwingine akiwa na miaka 10, na mwingine tena akibalehe. Katikati yake kuna mazoezi ya viungo, nauli, na siku za shule zinazopotea. Kwa hiyo wiki ya kwanza hakuna anayejua jeraha lile lina thamani gani. Hata daktari hajui. Sasa wewe na jirani mmejuaje kuwa ni elfu hamsini?

Sisemi usipatane. Mapatano nje ya mahakama yanaruhusiwa na mara nyingi ndiyo njia nzuri. Nasema usipatane mapema. Subiri daktari aseme jeraha limefika wapi na matibabu gani yamebaki. Kisha mwandikishane mbele ya mashahidi, ofisi ya serikali ya mtaa wakijua, na kuwe na kipengele cha matibabu ya baadaye. Karatasi yoyote inayosema "hatutadai tena" usiisaini kabla mtu anayejua sheria hajaisoma.

Sasa sheria yetu hapa Tanzania inakupa nini? Milango ni miwili, na unaweza kupita yote.

Mlango wa kwanza ni jinai. Kila mwisho wa mwaka polisi wanatangaza kwamba kupiga fataki na baruti bila kibali ni kosa. Tena Kanuni ya Adhabu inatambua kosa la uzembe unaohatarisha maisha au kumjeruhi mtu. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza pia kumwamuru alipe fidia.

Mlango wa pili ni madai. Hapa hutafuti mtu afungwe, unatafuta gharama za mtoto. Mtoto chini ya miaka 18 hafungui kesi mwenyewe, mzazi au mlezi anamfungulia. Unaweza kumdai aliyewasha au aliyempa mtoto fataki, aliyemuuzia mtoto dukani, au ukumbi ulioandaa sherehe bila kuweka watoto mbali. Kama fataki yenyewe ilikuwa mbovu, hata aliyeitengeneza au kuiingiza nchini anaweza kuulizwa. Na msitishwe na maneno ya "mwanao naye mtundu". Mtoto wa miaka 7 hapimwi kwa akili ya mtu mzima.

Lakini milango yote miwili inafunguliwa na ushahidi, na ushahidi unakusanywa siku za mwanzo, wakati wewe unalia. Kwa hiyo muwe nayo kichwani kabla:

1. Mtoto kwanza. Palipoungua mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala asali. Jicho likiumia usilisugue wala kulibonyeza, lifunike kwa kikombe kisichogusa jicho, muwahi hospitali.

2. Wakati wewe uko hospitali, ndugu mwingine aende kituo cha polisi. Achukue namba ya RB na fomu ya PF3, ambayo ni bure. Daktari anaijaza. Toa nakala kabla hujairudisha.

3. Semeni ukweli mkifika kwetu. Hapa ndipo wengi mnajifunga wenyewe. Mama anaogopa kuulizwa "ulikuwa wapi?", au hataki jirani apate shida, anasema mtoto kaangukia jiko. Sisi tunaandika ulichosema. Miezi 6 baadaye ukienda mahakamani kudai fataki, jalada linasema jiko, na wakili wa upande wa pili atalisoma kwa sauti.

4. Mabaki ya fataki, boksi lake, nguo iliyoungua, weka kwenye mfuko. Usifue, usitupe. Piga picha eneo na jeraha, kila wiki picha moja. Andika majina na namba za simu za walioona.

5. Risiti zote tunza, hata ya bandeji. Mahakama ikiangalia gharama ulizotumia inataka zithibitishwe. Maumivu na ulemavu, hakimu anapima mwenyewe kwa kuangalia ripoti ya daktari.

Muda nao. Madai ya namna hii kwa kawaida ukomo wake ni miaka 3. Kwa mtoto sheria inatoa nafuu, hesabu inasubiri afikie utu uzima. Lakini usiitegemee hiyo. Mashahidi wanahama, mabaki yanatupwa, watu wanasahau.

"Nesi, wakili nitamlipa na nini?" Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria wapo mpaka wilayani kwa ajili ya asiye na uwezo. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali au wa halmashauri, atakuelekeza. TAWLA na LHRC nao wanatoa msaada bure. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ilianza 2023; uliza kama bado inaendelea, na ikiwepo mkoani kwenu beba nakala zako uende.

Na wewe unayejilaumu usiku kwa sababu uligeuka dakika moja tu: hata vile vijiti vya cheche tunavyochomeka kwenye keki vinaweza kuzidi nyuzi joto 1,000, wakati maji yanachemka kwa 100. Waliokuwepo pale walikuwa wengi, na aliyempa mtoto kitu kile ana jina. Kujilaumu kusikufanye unyamaze kwa niaba ya mwanao.

Yule mtoto, alipotulizwa maumivu, aliniuliza kama ataweza kushika kalamu shule zikifunguliwa. Nilimwambia tutajitahidi. Siku moja atakuwa mkubwa, atamuuliza mama yake swali lingine: "Mlifanya nini?" Jirani ni wa leo, na undugu wa mtaani unajengwa upya ukibomoka. Kidole hakijengwi.

Kama mna mtoto aliyeumia mkesha huu na "mmeshayamaliza", hamjachelewa. PF3 na nakala za hospitali fuatilieni kesho asubuhi. Tukutane Sehemu ya 7, mafuta ya taa kwenye chupa za soda.