Ufilipino yasaka kinga katika mikataba mingi, hatari yasalia baharini

Mnamo Mei 31, 2024, Rais Ferdinand Marcos Mdogo wa Ufilipino aliuambia mkutano wa wakuu wa ulinzi nchini Singapore kwamba iwapo raia wa nchi yake atauawa kwa kitendo cha makusudi baharini, tukio hilo litakaribia mno kuwa tendo la vita. Majuma mawili baadaye, Juni 17, walinzi wa pwani wa Uchina walizivamia mashua za Ufilipino zilizokuwa zikipeleka mahitaji kwa wanajeshi walioko kwenye fungu la Second Thomas, takriban kilomita 200 kutoka kisiwa cha Palawan. Jeshi la Ufilipino lilisema wavamizi hao walibeba visu na mashoka. Mwanamaji mmoja alipoteza kidole gumba.

Laiti angepoteza uhai, huenda mzozo huo ungechukua sura nyingine kabisa. Ufilipino na Marekani zina mkataba wa kujihami uliotiwa saini mwaka wa 1951, ambao unaipa kila nchi wajibu wa kuisaidia nyingine ikishambuliwa. Kwa maneno mengine, amani kati ya mataifa mawili yenye nguvu zaidi duniani ilining'inia kwenye tukio la dakika chache katika fungu la matumbawe ambalo hufunikwa na maji yanapojaa.

Hali hii inatokana na jinsi usalama wa Asia ulivyojengwa. Ulaya ina NATO, ambapo shambulio dhidi ya mwanachama mmoja huhesabiwa kuwa shambulio dhidi ya wote. Asia haina muungano wa aina hiyo. Jaribio la kuunda mfano wake lilifanywa mjini Manila mwaka wa 1954, lakini ni nchi mbili tu za Kusini Mashariki mwa Asia, Ufilipino na Thailand, zilizojiunga, na muungano huo ukavunjwa mwaka wa 1977. Nayo jumuiya ya ASEAN, iliyoasisiwa Bangkok mwaka wa 1967, haikukusudiwa kuwa ya kijeshi. Maamuzi yake hufikiwa kwa maafikiano ya wanachama wote, hivyo mmoja akikataa, shughuli hukwama.

Ufilipino imelipia pengo hilo kwa gharama kubwa. Baada ya bunge lake la Seneti kukataa kuongeza muda wa kambi za Marekani, wanajeshi wa mwisho waliondoka Subic Bay mwaka wa 1992. Miaka mitatu baadaye, Uchina ilitwaa fungu la Mischief. Mwaka wa 1999 Manila ilijibu kwa kuikwamisha kusudi meli kuukuu, Sierra Madre, juu ya fungu la Second Thomas ili iwe kituo chake. Hata hivyo, mwaka wa 2012 ilipoteza udhibiti wa fungu la Scarborough, ambalo wavuvi wake walilitegemea kwa vizazi.

Manila ilikwenda mahakamani, na Julai 12, 2016, jopo la mahakama ya usuluhishi ya The Hague likaamua kwamba madai ya Uchina ya haki za kihistoria juu ya sehemu kubwa ya bahari hiyo hayana msingi wa kisheria. Beijing iliukataa uamuzi huo. Rais Rodrigo Duterte, aliyekuwa ameingia madarakani siku chache tu kabla, aliuweka kando akitarajia mikopo na uwekezaji wa Uchina. Mashua za wavuvi ziliendelea kufukuzwa.

Marcos, aliyemrithi mwaka wa 2022, amefuata njia tofauti. Mwaka wa 2023 aliwaongezea Wamarekani vituo vinne vya kijeshi, vikafika tisa. India, kwa mkataba wa mwaka wa 2022, iliiuzia Manila makombora ya BrahMos ya kushambulia meli, na shehena ya kwanza ikawasili Aprili 2024. Japani nayo ilitia saini mkataba wa kuruhusu majeshi ya nchi hizo mbili kufanya mazoezi katika ardhi ya kila moja, nao ukaanza kutekelezwa Septemba 2025. Kwa nchi iliyovamiwa na kukaliwa na Wajapani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, hilo si badiliko dogo.

Sababu ya kusaka marafiki wengi si Uchina pekee, ambayo sasa ina jeshi la majini kubwa zaidi duniani kwa idadi ya meli. Ni mashaka kuhusu Marekani pia. Mnamo Agosti 2025 Washington iliitoza India, mshirika wake katika kundi la Quad, ushuru wa asilimia 50, na katika mwezi uo huo Waziri Mkuu Narendra Modi alizuru Uchina kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na viongozi wa Asia wameanza kuliona hilo.

Hata hivyo, mikataba hii ina udhaifu. Si Japani wala India iliyoahidi kuipigania Ufilipino. Wajibu huo ungali wa Marekani. Aidha, Uchina haitumii mizinga. Hutumia mabomba ya maji, hugonga meli na kuziba njia, vitendo vinavyoumiza bila kufikia kiwango cha vita. Beijing kwa upande wake hudai kwamba Marekani ndiyo inayoizingira, na hupendelea kuzungumza na kila jirani peke yake.

Majirani wenyewe hawana kauli moja. Vietnam, Malaysia na Brunei zina madai katika bahari hiyo, lakini Uchina ni mmoja wa washirika wao wakuu wa biashara. Mnamo Julai 2012, mawaziri wa ASEAN walishindwa kutoa taarifa ya pamoja kwa mara ya kwanza katika miaka 45, Kambodia ikiwa mwenyekiti.

Ndiyo maana mazungumzo ya kanuni za mwenendo baharini yana uzito. ASEAN na Uchina zilitia saini azimio la kwanza mwaka wa 2002, lisilokuwa na nguvu za kisheria, kisha zikajiwekea lengo la kukamilisha kanuni kamili mwaka wa 2026, Ufilipino ikiwa mwenyekiti. Yanayobishaniwa ni mazito: iwapo kanuni hizo zitakuwa na nguvu za kisheria, zitahusu eneo gani, na iwapo mataifa ya nje yataruhusiwa kufanya mazoezi ya kijeshi humo.

Mnamo Agosti 11, 2025, meli mbili za Uchina, moja ya walinzi wa pwani na nyingine manowari, ziligongana zenyewe karibu na Scarborough zikiifukuza meli ya Ufilipino. Makombora na vituo vya kijeshi vyaweza kumfanya adui afikirie mara mbili kabla ya kushambulia. Haviwezi kuzuia ajali. Bila kanuni zinazoheshimiwa na pande zote, vita ambavyo hakuna anayevitaka vyaweza kuanzishwa na usukani uliokatwa vibaya.