Sekiro: Lango lisipanuliwe, mlango ufunguliwe

Desemba 1, 2022, kwenye Uwanja wa Kimataifa wa Khalifa kule Qatar, Hispania walikaa na mpira karibu mechi nzima. Japan waliumiliki kwa chini ya asilimia 20. Matokeo? Japan 2, Hispania 1.

Kipindi cha kwanza vijana wa Hajime Moriyasu walikuwa nyuma kwa bao la Alvaro Morata, wamejikunja kama kobe. Walipotoka mapumziko wakapiga hatua mbele. Wakambana kipa, wakawabana mabeki, na ndani ya dakika sita Ritsu Doan na Ao Tanaka walikuwa wameshageuza ubao. Waliobaki na mpira wakabaki nao, lakini pointi tatu zikaondoka na Wajapani.

Timu ile inaitwa Samurai Blue. Shabiki anayetaka kuelewa kwa vidole vyake mwenyewe walichofanya Japan usiku ule, ashike pedi acheze gemu inayoitwa Sekiro: Shadows Die Twice. Lakini ajiandae. Atakufa. Atakufa tena. Halafu atakufa na yule bosi aliyedhani ameshamzoea.

Sekiro ilitengenezwa na kampuni ya FromSoftware ya Tokyo, chini ya mkurugenzi wake Hidetaka Miyazaki, na ikaingia sokoni Machi 22, 2019. Desemba mwaka huo ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Kufikia Septemba 2023 zaidi ya nakala milioni 10 zilikuwa zimeuzwa. Si gemu ya wachache waliojifungia chumbani.

Hata hivyo, tangu wiki ya kwanza kuna ugomvi ambao haujapata refa. Sekiro haina hali rahisi. Ipo Kengele ya Pepo ambayo mchezaji akiipiga maadui wanazidi ukali, ila hakuna kengele ya kuwapoza. Upande mmoja unasema gemu iwe na daraja la chini ili kila aliyetoa hela yake afike mwisho. Upande wa pili unasema asiyeweza akacheze nyingine. Pande zote mbili zinabutua mpira nje.

Kwanza ieleweke ugumu wenyewe ni wa aina gani. Shujaa wa Sekiro ni shinobi, mpiganaji wa siri, anayeitwa Wolf, yaani mbwa mwitu. Samurai ni wale anaopambana nao, watu wa ukoo wa Ashina, katika Japan ya kubuni ya mwishoni mwa zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwanzoni kabisa Genichiro Ashina anamkata Wolf mkono wa kushoto na kumchukua Kuro, mtoto ambaye Wolf ameapa kumlinda. Anawekewa mkono wa bandia na safari inaanza. Hata jina Sekiro maana yake ni mbwa mwitu wa mkono mmoja.

Kila mpiganaji ana mistari miwili. Wa kwanza ni uhai, huo kila mcheza gemu anaujua. Wa pili ndio roho ya Sekiro: uimara wa kusimama. Adui akirusha upanga, mchezaji anatakiwa abonyeze kitufe cha kukinga pale pale chuma kinapokutana na chuma. Akiwahi mno, anakinga kawaida na uimara wake mwenyewe unaliwa. Akichelewa, anakula upanga. Akipatia, cheche zinaruka, chuma kinalia mlio mkali wa kipekee, na anayepungukiwa na uimara ni yule aliyeshambulia. Mstari wa adui ukijaa, anayumba na kubaki wazi. Pigo moja linatosha, hata kama uhai wake ulikuwa umebaki mwingi.

Kwa hiyo anayejilinda ndiye anayeshambulia. Na hapo ndipo wengi wanapoumia, maana gemu nyingi zimewafundisha kupiga mara mbili, kurudi nyuma, kuvuta pumzi, kisha kurudi tena. Sekiro hailipi tabia hiyo. Mchezaji akikimbia kupumua, adui naye anapumua. Mstari uliokuwa unakaribia kujaa unashuka na kazi inaanza upya. Ni sawa na timu inayopora mpira vizuri katikati, halafu inaurudisha kwa kipa mpaka wapinzani wote wamejipanga.

Kuna wakati alama nyekundu ya Kijapani yenye maana ya hatari inawaka juu ya kichwa cha Wolf. Hapo kukinga tu hakumwokoi. Adui akifagia miguuni, mchezaji aruke. Akitaka kumkamata, atoke njiani. Akichoma kwa ncha ya upanga, jibu bora ni kupiga hatua mbele na kuukanyaga upanga wenyewe ardhini. Kila mshipa wa mwili unamwambia arudi nyuma, na anayerudi kizembe anachomwa. Beki yeyote aliyewahi kumwona straika anamjia na mpira anaijua hofu hiyo. Anayerudi, anarudi, anarudi, mwisho anajikuta ndani ya boksi lake mwenyewe.

Mwenye kuipatia anaacha kuangalia upanga na kuanza kuusikiliza. Moja, mbili, kimya, tatu-nne-tano. Kila bosi ana ngoma yake, na Genichiro juu ya ngome ya Ashina ana ngoma inayobadilika katikati. Akifika raundi ya mwisho anavua deraya na kuanza kurusha umeme. Dawa yake ni kuruka, kuupokea umeme ule hewani, na kumrudishia kabla miguu haijagusa chini. Mara ya kwanza mchezaji anaona ni uonevu. Mara ya 30 anaona ni pasi ya kwanza, volei, goli.

Hili la mdundo Miyazaki hakulizua. Miyamoto Musashi, mpiga upanga wa kweli wa Japan aliyefariki mwaka 1645, aliliandika katika Kitabu cha Pete Tano. Alisisitiza kwamba kila kazi ina mdundo wake, na mpiganaji ashike wa kwake, ausome wa mpinzani na auvunje. Kiungo mzuri anafanya hivyo hivyo. Wenzake wakiharakisha, yeye anakanyaga mpira. Wapinzani wakilala, anapiga pasi moja tu.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulionekana Januari 2022. Kwenye tamasha la hisani la Awesome Games Done Quick, mchezaji anayejulikana kwa jina la Mitchriz aliicheza Sekiro mpaka mwisho akiwa amefungwa kitambaa machoni. Ilimchukua takriban saa mbili. Hakuwa mchawi. Alikuwa ameikariri kwa masikio na vidole, hatua kwa hatua, mlio kwa mlio. Bosi ambaye wenye macho mawili wanamtukana usiku kucha, yeye alimpiga gizani.

Ndiyo maana wanaotaka adui alegezwe wanaomba kitu ambacho kitaiua gemu yenyewe. Upanga wa Genichiro ukipunguzwa makali mpaka ukawa fimbo ya mchongoma, mchezaji hatakuwa na sababu ya kusikiliza ngoma. Atabutua tu. Atafika mwisho bila kucheza Sekiro hata dakika moja, kama timu iliyopewa ubingwa mezani. Kombe analo, stori hana.

Na ugumu wa Sekiro una haki ndani yake. Kwenye vibanda vya gemu, jamaa akifungwa tano utasikia pedi imekufa kitufe, eti kiti kibovu, eti mwenzake alichagua timu kali. Sekiro haina rafiki wa kuitwa asaidie, tofauti na Dark Souls ya kampuni hiyo hiyo. Haina vazi la chuma la kujificha ndani yake. Nguvu kubwa za Wolf zinaongezeka kwa kuwashinda wakubwa wenyewe, hazipatikani kwa kuchinja askari wadogo siku nzima. Kinachopanda daraja hasa ni yule aliyeshika pedi.

Wala haimwachi mtu bila mazoezi. Pale kwenye hekalu bovu, Wolf anapopumzika, yupo Hanbei, mtu asiyeweza kufa, anayejitolea kupigwa na kupiga ili mchezaji ajifunze kukinga, kukanyaga upanga na kuruka. Ni kocha wa bure. Wengi wanampita kama wanavyopita mazoezi ya Jumatatu, halafu Jumamosi wanalaumu mwamuzi.

Hadi hapo Miyazaki anastahili pointi tatu. Amewahi kueleza kwamba anataka wachezaji wote wakutane na kikwazo kile kile, ili wakikaa kuzungumza wawe wanazungumzia kitu kimoja. Ni hoja ya mtu anayejua ligi ni nini. Lakini hoja hiyo ina tundu, na tundu hilo si dogo.

Je, yule ambaye vidole vyake havimtii? Mwenye maradhi ya misuli, aliyepata ajali, mwenye mkono mmoja? Anaisikia ngoma. Anaijua kabisa pigo la tatu linakuja lini. Ubongo umeshabonyeza, kidole ndiyo kinachelewa. Huyu hakushindwa mtihani wa Sekiro. Amezuiwa kuingia chumba cha mtihani. Na kejeli kubwa ni kwamba gemu inayomzuia inamhusu mtu aliyekatwa mkono, akapewa wa bandia, kisha akapigana na wenye mikono miwili bila kuombewa huruma.

Soka lilishalijibu swali hili zamani. Kwenye soka la wasioona mpira unawekewa vitu vinavyolia ndani ili uchezwe kwa sikio, na umo kwenye Paralimpiki tangu Athens 2004. Hakuna aliyeulegeza mchezo kwa huruma. Na hapa nyumbani ipo Tembo Warriors, timu ya taifa ya soka la wenye ulemavu wa viungo, iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Uturuki mwaka 2022. Wachezaji wa ndani wanacheza kwa mguu mmoja na magongo. Kipa ana mkono mmoja, kama Wolf. Gongo linaruhusiwa kubeba mwili, ila ukilitumia kuchezea mpira kwa makusudi ni faulo. Aliyewahi kuwaona wakikimbilia mpira kwa magongo hawezi kuthubutu kuuita ule mchezo rahisi.

Huo ndio mstari ambao mabishano ya Sekiro yameshindwa kuuchora. Kupanua lango ni kitu kimoja, kufungua mlango ni kingine. Kulegeza adui mpaka asiyesikiliza naye apite, huko ni kupanua lango. Kuipunguza kasi ya ngoma ili kidole kizito kiwahi pigo ambalo sikio limeshalijua, huko ni kufungua mlango. Ngoma ikipigwa polepole bado ni ile ile. Bado mchezaji atalazimika kuisoma, kukanyaga upanga, kusimama pale mwili unapotaka kukimbia.

Watasema wazima nao wataitumia njia hiyo. Watatumia, ndiyo. Aprili 2019 mwandishi mmoja wa masuala ya gemu alikiri hadharani kwamba alipunguza kasi ya mchezo kwenye kompyuta ili ampige bosi wa mwisho, na mtandaoni wakamrukia kana kwamba amehonga refa fainali ya Kombe la Dunia. Kwa lipi hasa? Sekiro inachezwa na mtu mmoja. Haina msimamo wa ligi, haina timu itakayoshuka daraja kwa sababu jirani kacheza polepole. Aliyemshinda Isshin kwa kasi kamili ushindi wake haujapungua hata pointi moja.

FromSoftware wenyewe hawakuiacha gemu ilivyo. Oktoba 2020 walitoa nyongeza ya bure iliyowaruhusu wachezaji kurudiana na mabosi waliokwisha kuwashinda. Waliojua kucheza wakapewa uwanja zaidi. Mwenye jicho zima ana cheche za kumwonyesha kwamba amepatia, mwenye sikio ana mlio. Mwenye kidole kizito, zaidi ya kuhamisha vitufe huku na kule, bado hajapewa kitu. Mwendo wa ngoma ukiwekwa kwenye mipangilio ya gemu, anayeutaka akautafuta mwenyewe, Genichiro hatapoteza hata unywele.

Na wale wazima wenye mikono miwili ambao bado wanalia kwamba gemu inawaonea, wamfuate Hanbei. Yupo pale nje ya hekalu, hafi, wala hadai hela ya mazoezi.