USIMNYANG'ANYE MGONJWA DAWA KWA JINA LA IMANI

Neno: Marko 5:25-34, 2 Wafalme 20:1-7

Ujumbe wa leo ni mchungu, lakini umeze.

Saratani ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi hapa Kenya, na wengi hufika hospitalini ikiwa imeshasambaa. Sababu ni nyingi: umaskini, umbali, woga. Lakini kuna moja iliyo mikononi mwetu sisi wahubiri. Mama anapata uvimbe kwenye titi, anauleta kanisani kabla ya kuupeleka kliniki. Anaambiwa ni roho chafu. Anapakwa mafuta ya upako, anafungishwa siku 21, anaambiwa apande mbegu. Miezi inapita, uvimbe unakua. Ukishakuwa kidonda, yule nabii hapokei simu tena.

Hiyo si imani. Huo ni wizi uliovaa suti. Na baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa Shakahola, kuanzia mwaka 2023, hakuna mhubiri Kenya anayeweza kusema hajui kwamba mafundisho potovu yanaua.

Wengi wao huhubiri kutoka Marko 5:26, yule mwanamke aliyemaliza mali yake kwa matabibu asipone. Wanasoma hapo, wanafunga Biblia, wanawatukana madaktari. Endelea kusoma, mtumishi! Mama huyo alikuwa amefilisika, na Yesu hakumdai hata senti. Tena Bwana alikuwa njiani kwenda kwa mtoto mahututi, lakini alisimama, akamsikiliza mpaka akamaliza kueleza habari yake yote, akamwita binti. Kwa miaka 12 nani alikuwa amempa heshima hiyo? Sasa nikuulize: mama mwenye kansa kanisani kwako amewahi kusikilizwa hivyo, au hupewa maiki tu siku ana ushuhuda mtamu?

Fungua 2 Wafalme 20. Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamwongezea miaka 15. Kisha Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa katika sura moja, na nabii hakuona aibu. Wewe umempita Isaya?

Mtasema, "Pasta haamini miujiza." Naamini, na nitaendelea kuweka mikono juu ya wagonjwa. Ila muujiza wa kweli hauogopi kipimo. Wale wakoma kumi Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14). Basi anayesema ameponywa arudi kliniki apimwe, ndipo ashuhudie.

Mgonjwa wa Kitale au Bungoma tayari ana mlima wa kupanda. Wengi hufuata matibabu Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Wa Kitale anapitia Moi's Bridge na Soy, wa Bungoma anapitia Webuye na Turbo. Wakati wa kurudi, kemo imeshaingia mwilini, tumbo linachafuka ndani ya matatu. Baada ya wiki kadhaa, mara nyingi tatu, anarudi tena. Akikosa awamu moja kwa sababu ulimwambia kuna wiki ya miujiza, kansa yenyewe haijachukua likizo.

SHA ilipoanza Oktoba 2024, familia iliwekewa kikomo cha shilingi 550,000 kwa mwaka kwa matibabu ya saratani. Serikali ina deni lake kwetu, na tuzidi kuidai. Lakini kadi ya SHA hailipi nauli ya matatu. Haikai na watoto. Haimshiki mtu mkono kwenye foleni. Hiyo ni kazi ya kanisa, na hatuwezi kuifanya huku tukimpunguzia mgonjwa nauli kwa jina la mbegu.

Kwa hiyo, watu wa Mungu, tufanye hivi:

1. Omba naye, halafu muulize kliniki ni lini. Usimwambie aache dawa.

2. Usimfungishe. Aliye kwenye kemo anahitaji nguvu. Mpelekee uji na usiketi saa tatu.

3. Kinga yake iko chini. Ukiwa na mafua, mwombee kwa simu. Usijaze chumba chake watu wa kesha.

4. Idara ya akina mama ipange zamu, asiende Eldoret peke yake.

5. Aliyefanyiwa upasuaji wa titi, mkono wa upande ule huweza kuvimba. Vijana, mchotee maji, mpasulie kuni.

6. Wazee wa kanisa, keti na mume wake. Mke aliyeondolewa titi hajapungua kuwa mke.

7. Usimuulize alifanya dhambi gani. Swali hilo wanafunzi walimuuliza Yesu katika Yohana 9, naye akalikataa.

Na wewe dada unayesoma hapa ukiwa na uvimbe uliouficha hata mumeo hajui: usingoje Jumapili. Kesho nenda hospitali iliyo karibu nawe ukaangaliwe. Si kila uvimbe ni kansa, lakini kila uvimbe unastahili kupimwa. Kwenda kupimwa hakumuudhi Mungu.

Baba, wape wagonjwa wetu nguvu ya kumaliza matibabu. Wape madaktari na wauguzi hekima na upole. Na mdomo wowote unaouza jina lako kwa mama anayeumia, uufunge. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie mchungaji wako ujumbe huu.